Kanzu ya Dukani au ya Fundi? Bei ya Kweli ya Templeti za Kuanzia Programu

Siku chache kabla ya Idi, madukani Mombasa huonekana wanunuzi wa aina mbili. Mmoja hushika kanzu iliyotundikwa, huiegemeza kifuani, hulipa na kwenda zake. Mwengine husimama mbele ya fundi, hupimwa bega, mkono na urefu, kisha huambiwa arudi kesho kutwa. Wa kwanza ameokoa siku mbili, ila urefu wa mikono yake umeamuliwa na mtu asiyemjua. Ikimkaa, alhamdulillahi. Isipomkaa, atamwendea fundi vilevile, na atakuwa amelipa mara mbili.

Vijana wanaoandika programu kisiwani, kuanzia wale wa chuo kikuu cha ufundi kule Tudor hadi wanaokutana Swahilipot, jirani na Fort Jesus, hufanya uamuzi kama huo kila wapatapo kazi mpya. Templeti ya kuanzia ni mradi mtupu uliokwisha kupangwa. Unaandika amri moja, na folda zinajitokeza zikiwa na huduma, majaribio na faili za mipangilio. Ndani yake mna machaguomsingi mengi, yaani majibu ambayo programu imejijibia yenyewe pale ambapo wewe hukusema kitu. Ingoje sekunde ngapi? Ikishindwa, ijaribu mara ngapi? Ihifadhi wapi, nchi gani? Kwenye programu moja iliyo ndani ya mashine moja, jibu baya husameheka. Kwenye mfumo wa huduma kadhaa zinazozungumza kwa mtandao, jibu lilo hilo baya limenakiliwa kila mahali.

Karibu templeti zote tunazozilinganisha hapa hupatikana bure. Kwa hiyo bei ya kuangalia ni ya yale zilizokuamulia.

Kazi ya kupimia

Tuchukue mfano mmoja ili tupime kwa haki: nyumba ya wageni ya vyumba vinane katika vichochoro vya Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu. Inataka mambo manne: kupokea nafasi za wageni, kulipisha kwa M-Pesa, kutuma ujumbe, na kumpa mwenye nyumba hesabu za siku. Wajenzi ni vijana wawili. Mwenye nyumba ni mama wa makamo ambaye hajui Java ni nini wala hana haja ya kujua. Swali lake ni moja tu: “Wanangu, mtandao ukikatika na mgeni ameshalipa, atalala wapi?”

Mama ana haki ya kuuliza. Mombasa ndipo nyaya za chini ya bahari zinapopandia nchi kavu nchini Kenya: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010, LION2 tangu 2012. Ila kukaa mlangoni hakumkingi mtu na mvua. Februari 2012 nanga ya meli ilikata waya wa TEAMS nje ya bandari ya Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika huko kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kukokota kwa siku kadhaa.

Hapo kuna jambo ambalo templeti ya ng'ambo haiwezi kulijua. Mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani kuja Kenya mwaka 2015. Kwa hiyo waya wa baharini ukikatika, mgeni aweza kulipa na kupata ujumbe wake wa M-Pesa kama kawaida, huku seva yako iliyo Marekani au Ulaya haina habari. Pesa zimetoka, na chumba bado kinaonyesha hakijalipiwa.

Chaguo la kwanza: kunakili mradi wa zamani

Kila mwandishi wa programu amewahi kufanya hivi. Unachukua kazi ya mteja wa mwaka jana, unabadilisha jina na rangi, unaendelea. Gharama ya siku ya kwanza ni nusu saa.

Lakini nguo ya kuazima haisitiri. Mradi wa zamani huja na funguo za siri za mteja wa zamani, anwani zake za barua pepe, na baya zaidi, namba yake ya Paybill. Ikisahaulika katika faili moja ya mipangilio, wageni wa Mji wa Kale watamlipa mwenye duka wa Likoni. Au ibaki 174379, namba ya majaribio ambayo Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganishia programu na M-Pesa tangu 2017, humpa kila anayejifunza: hapo hakuna malipo ya kweli yatakayomfikia mtu yeyote.

Tena hakuna njia ya kurudisha marekebisho. Ukigundua kosa katika mradi wa nne, itabidi ukumbuke mwenyewe kulifuata katika ule wa kwanza, wa pili na wa tatu.

Inafaa kwa kazi ya kujaribia wazo. Haifai kwa kitu kinachopokea pesa.

Chaguo la pili: templeti rasmi

Spring Initializr, kwa watumiaji wa Java, hukuuliza toleo na maktaba unazotaka, kisha hukupa mifupa misafi. Haikuamulii mengi, na hiyo ni sifa. Ila Spring Boot yenyewe ina maamuzi yake ya kimyakimya. Kila nakala ya huduma inayotumia hifadhidata hufungua hadi miunganisho 10. Tupige hesabu: huduma 4, kila moja nakala 2, mara 10, ni miunganisho 80. Chaguomsingi la hifadhidata ya PostgreSQL ni miunganisho 100, na 3 kati yake imewekewa wasimamizi. Kwa hiyo 80 inaenea. Sasa ngoja siku ya kupeleka toleo jipya, ambapo nakala mpya huwashwa kabla ya zile za zamani kuzimwa: 80 huwa 160, na mfumo unakataa watu saa ile ile mlipotaka kuwafurahisha. Dawa ni mstari mmoja wa mipangilio. Nyumba ya vyumba vinane haihitaji zaidi ya miunganisho 3 kwa nakala, yaani 24, au 48 siku ya toleo jipya.

Kwa wanaotumia C#, kuna Aspire ya Microsoft, iliyotangazwa Novemba 2023, na toleo lake imara la kwanza likatoka Mei 2024. Nguvu yake ni kwamba machaguomsingi ya huduma zote hukaa katika mradi mmoja wa pamoja: ukaguzi wa afya, ufuatiliaji wa maombi, na namna ya kustahimili mtandao mbovu. Ombi moja hupewa sekunde 10, likishindwa hurudiwa hadi mara 3, na jumla yote haipiti sekunde 30. Kwa mtandao wetu hayo ni maamuzi ya busara kuliko ya wengi.

Tatizo ni kwamba kurudia huko hakuchagui. Kuuliza tena “chumba namba tatu kiko wazi?” hakuna madhara. Kutuma tena “mtoze huyu shilingi 6,000” ni kitu kingine: mgeni aliyesimama mapokezi anaweza kuombwa PIN mara mbili kwa chumba kimoja. Maombi ya kutoza pesa yaondolewe katika kurudia kabla ya jambo lolote jengine, na zana yenyewe inaruhusu.

Inafaa kwa timu ndogo ambayo iko tayari kutumia siku moja kusoma mipangilio kabla ya kuandika msimbo wake wa kwanza.

Chaguo la tatu: jenereta kubwa

JHipster, iliyoanza 2013, hukuuliza maswali kadhaa kisha hukutengenezea nyumba nzima: lango la kuingilia, huduma, kurasa za kuingia, kurasa za msimamizi, hata faili za kupeleka kwenye wingu. Ndani ya saa moja una kitu cha kumwonyesha mteja, naye atadhani umekesha mwezi mzima.

Gharama huja baadaye. Umekuwa mmiliki wa maelfu ya mistari ambayo hukuiandika, na kila kosa ndani yake ni lako kulitafuta. Tena huja na akaunti ya kuanzia ambayo jina lake ni admin na nenosiri lake ni admin. Kila mtu duniani aliyewahi kuitumia JHipster analijua nenosiri hilo, mwizi akiwamo.

Inafaa kwa timu ya watu watano au zaidi wenye mazoea nayo. Vijana wawili wataelemewa.

Chaguo la nne: templeti yenu wenyewe

Hapa ndipo kwa fundi. Cookiecutter, zana iliyotoka 2013, hukuwezesha kugeuza mradi wowote kuwa templeti yenye maswali: jina la biashara, namba ya Paybill, aina ya hifadhidata. Copier hufanya kazi hiyo hiyo, ila ina sifa moja inayostahili kulipiwa jasho. Hukumbuka majibu uliyotoa, na templeti ikibadilika hukusaidia kuupeleka mradi wa zamani kwenye hali mpya. Ukirekebisha kosa la malipo katika templeti, miradi yenu yote hupata marekebisho hayo kwa amri moja kila mmoja na kupitia mabadiliko kwa macho. Cookiecutter peke yake haifanyi hivyo.

Bei yake ni muda. Makisio yangu ni siku tatu hadi tano za kuiandaa vizuri, na nusu siku kila mwezi kuitunza. Kwa mradi mmoja ni hasara. Mkifika wa tatu, mmesharudisha.

Wapo watakaokushauri Backstage, mfumo ambao Spotify iliufungulia umma 2020, unaokusanya templeti zote za kampuni mahali pamoja. Ni kazi nzuri kwa kampuni yenye timu nyingi na watu wa kuusimamia. Kwa watu wawili ni kukodi basi zima kwenda sokoni Marikiti kununua ndimu.

Bili ya wingu: pale chaguomsingi linapokuwa shilingi

Tofauti kubwa ya pesa haiko katika templeti ya msimbo. Iko katika faili inayosema mfumo ukae wapi. Nimehesabu dola moja kwa shilingi 130 na kutumia bei za orodha za kampuni zenyewe, ambazo hubadilika, bila VAT ambayo Kenya ni asilimia 16.

Mashine moja: DigitalOcean, kumbukumbu ya GB 2 kwa dola 12 kwa mwezi, pamoja na nakala za akiba za kila wiki kwa asilimia 20 ya bei hiyo. Jumla dola 14.40, yaani shilingi 1,872. Huduma zote nne zinakaa humo ndani ya kontena.

Mashine na hifadhidata inayotunzwa: mashine ya GB 4 kwa dola 24, na PostgreSQL inayosimamiwa na kampuni kwa kama dola 15. Jumla kama dola 39, yaani karibu shilingi 5,070. Usiku mnalala, hifadhidata ina mtu wa kuitazama.

Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena kwenye mashine nyingi, kwa machaguomsingi: ukiandika amri ya eksctl kwenye Amazon bila kuongeza neno, nyaraka zake zimekuwa zikieleza kwamba utapata mashine mbili za aina ya m5.large. Usimamizi wa Kubernetes ni senti 10 za dola kwa saa, kama dola 73 kwa mwezi. Mashine mbili ni kama dola 140. Lango la kutokea mtandaoni ni kama dola 33. Jumla dola 246, yaani karibu shilingi 32,000, kabla ya diski na kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi.

Kutoka bili ya kwanza hadi ya tatu ni zaidi ya shilingi 360,000 kwa mwaka, kwa kazi ileile ya vyumba vinane. Wala hakuna aliyekaa akaamua kuzitumia. Amri tupu ndiyo iliyoamua.

Na amri hiyo tupu imeamua pia mahali: Oregon, magharibi mwa Marekani. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 15,000. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 150 hata kama waya ungenyooka kama uzi wa fundi, nao haunyooki. Cape Town, ambako Amazon ilifungua kituo Aprili 2020, ni kama kilomita 4,000, yaani milisekunde 40 kwa hesabu hiyo hiyo, ingawa bei zake ziko juu kuliko za Marekani. Ukurasa unaouliza seva mara tano kwa zamu utaonja tofauti hiyo mara tano.

Kubernetes haina kosa. Imekatwa kwa kimo cha mtu mwengine. Kabla ya kuilipia, jiulizeni kwanza kama hizo huduma nne kweli zinahitaji kuwa nne. Watu wawili wanaweza kuandika programu moja yenye sehemu nne zilizotenganishwa vizuri, na kuigawa siku biashara itakapodai.

Ya kupunguza na kuongeza kabla ya kuvaa

Templeti yoyote mtakayochagua, haya yapitieni kabla ya siku ya kwanza. Ni kazi ya siku moja, na haigharimu shilingi.

Muda wa kungoja. Maktaba ya requests ya Python na mteja wa HTTP wa Go havina kikomo cha kungoja msipokiweka. Waya ukikatika, huduma moja itangoja, ya pili itaingojea ile, na foleni itafika hadi mapokezi. Kila wito upewe sekunde zake.

Jibu la M-Pesa. Mkituma ombi la malipo, Daraja hujibu papo hapo kwa ResponseCode 0. Maana yake ombi limepokewa, basi. Malipo yamekamilika pale tu ujumbe wa pili unapokuja na ResultCode 0. Ukija na 1032, mteja amefuta mwenyewe. Templeti inayotoa risiti kwa jibu la kwanza itagawa vyumba bure. Ujumbe wa pili nao uandikwe kwa kitambulisho chake, ili ukija mara mbili uhesabiwe mara moja.

Saa. Seva nyingi huanza na saa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Siku ya seva hufungwa saa tisa usiku ya Mombasa, kwa hiyo mgeni aliyewasili saa saba usiku ataingia katika hesabu ya jana. Hifadhini kwa UTC, lakini hesabu za mwenye nyumba zifungwe kwa saa za Africa/Nairobi.

Namba za simu. Templeti za zamani za Kenya hukubali 07 peke yake. Tangu 2019 zipo namba zinazoanza na 01, na wenye nazo hawapendi kuambiwa namba yao si sahihi. Wageni wa Mji wa Kale wengine wana namba za Oman na za Ujerumani.

Milango ya hifadhidata. Mnamo Januari 2017, maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilifutwa na wahuni waliodai fidia, kwa kuwa zilikuwa wazi kwa dunia bila nenosiri. Kuanzia toleo la 3.6 chaguomsingi lilifungwa. Lakini faili ya Docker inayoachilia mlango 5432 bila kutaja anwani hufungua PostgreSQL yenu kwa kila mpita njia, hata kama mnadhani ukuta wa moto umefungwa.

Kumbukumbu za matukio. Docker huandika kumbukumbu bila kikomo mpaka diski ijae. Wekeni ukubwa wa mwisho. Tena angalieni kinachoandikwa humo: namba ya pasipoti ya mgeni na simu yake ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hazina kazi yoyote katika faili ya makosa.

Nani achukue ipi

Mnaoanza leo, na huu ni mradi wenu wa kwanza: chukueni templeti rasmi ya lugha mnayoijua, mashine moja ya shilingi 1,872, na siku moja ya kupitia orodha ya hapo juu.

Mna wateja watatu au zaidi: chukueni mifupa ile ile rasmi, wekeni juu yake majibu yenu ya Paybill, saa, simu na muda wa kungoja, kisha ifungeni kwa Copier. Hii ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza: kanzu ya dukani iliyopitia kwa fundi. Kitambaa kimeshonwa na wengi na kimejaribiwa, mikono ni ya kwenu.

Mna mteja mkubwa, mfano kampuni ya usafirishaji pale bandarini yenye maombi usiku na mchana: hapo Kubernetes na bili yake vina sababu. Ila tajeni wenyewe eneo, aina ya mashine na idadi yake. Msiiachie amri tupu.

Mkitaka kujua kama mmechagua vizuri, msisubiri meli ishushe nanga pabaya. Nendeni na mama mapokezi, mmoja wenu alipe shilingi 10 kwa M-Pesa, na kabla jibu halijarudi zimeni mtandao wa seva. Templeti nzuri itakuwa imeiacha orodha ya wageni wa leo ndani ya simu ya mapokezi, na nafasi ya kuandika kwa mkono msimbo wa muamala ulio kwenye ujumbe wa mgeni. Mtandao ukirudi, huduma ya malipo iiulize Daraja yenyewe hali ya muamala ule, ilinganishe, na ifunge hesabu. Mgeni atakuwa ameshalala chumba namba tatu.